Pingamizi Dhidi ya Mke Wangu Kuhusu Shamba Namba Moja

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Kwa Ofisa Ardhi,
Chumba cha mwisho, upande wa tangi la maji.

Ndugu Ofisa, mwanafunzi wangu wa zamani,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kudhani kwamba shamba ni la mtu anayelijua. Ni kosa la kawaida, na sikulaumu kama nawe umelifanya, maana hata darasani ulikuwa mwepesi wa kujibu kabla swali halijaisha. Kukijua kitu ni jambo moja, kukimiliki ni jambo jingine kabisa. Mimi namjua sana kinyozi wangu, najua hata siku ambazo mkono wake unatetemeka, lakini sijawahi kudai kiti chake.

Naandika kuweka pingamizi dhidi ya ombi la kumilikishwa Shamba Namba Moja, lililoletwa ofisini kwako kwenye fomu ya kijani na mwanamke mmoja mkulima. Mwanamke huyo ni mke wangu. Nalisema hili mapema ili usije ukalisikia kwa watu. Tunaishi vizuri, asante. Hata kalamu hii ninayoandikia ni yake. Yangu nimeiweka mahali anapopajua yeye.

Nivumilie nieleze tangu mwanzo, kwa kuwa jambo lisiloelezwa tangu mwanzo hurudi kuelezwa mara mbili.

Bonde letu lina mashamba kumi na matatu. Yamelala sambamba, marefu na membamba, kama mistari ya daftari, kutoka barabarani hadi kijitoni. La kwanza linapakana na mashine ya kusaga, la kumi na tatu linapakana na kinamasi cha vyura. Yote yana upana mmoja, kwa sababu wazee waliyagawa kwa kamba moja. Shamba Namba Moja ni letu, yaani langu, nililirithi kwa baba yangu. Mke wangu amelilima miaka thelathini na minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mimi nilikuwa nafundisha jiografia katika shule ile ambayo wewe ulivunja tufe lake la dunia.

Mwaka jana ofisi yako ilipotangaza upimaji, tuliunda kamati ya wanaume saba. Mwenyekiti alikuwa mzee tunayemwita Kipaza, kwa kuwa sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti. Mimi nikawa katibu kwa ajili ya mwandiko. Tukatunga kanuni nne. Ya nne niliiandika mwenyewe na naikumbuka neno kwa neno: "Mwenye shamba ndiye atakayeonyesha mpaka, na atakayeonyesha mpaka ndiye mwenye shamba." Niliipenda sana sentensi ile. Inakwenda mbele na kurudi nyuma kama bembea. Kusudi lake lilikuwa jema: kuwaepusha wanawake na taabu ya kutembea juani. Wao tuliwapangia chai ya wapimaji.

Kupima huanzia kwenye jiwe la mpaka. Barabarani, upande wetu, kuna mawe mawili. Moja limejificha kwenye ua wa minyaa karibu na mashine, limeota kuvu, halina sura ya jiwe lenye cheo. Jingine liko hatua ishirini na nane mbele, jeupe, laini, linang'aa upande mmoja kama sahani iliyooshwa. Nilimweleza mpima, kijana mmoja mwenye kofia pana, kwamba jiwe laini kiasi kile ni dalili ya mkono wa binadamu, na mkono wa binadamu ni dalili ya mamlaka. Akaandika.

Wakati huo mke wangu alikuwa akipita na birika. Akasimama. "Mwalimu," akasema, "hilo ni jiwe la kunolea majembe. Tunalinolea sisi miaka yote. Liko kati ya letu na la jirani."

Nikamwambia, "Mama, kanuni ya nne."

"Haya," akasema, akanimiminia chai. Wewe umeoa, mwanangu. Unajua mke akisema "haya" huku anamimina chai taratibu, tayari kuna mtu amejifunga, na si yeye.

Tukaanzia hapo. Ndivyo shamba langu lilivyokuja kuanzia pale linapoishia. Ilipofika zamu ya jirani yangu, Fundi Baiskeli, akaulizwa lake linaanzia wapi. Akajibu kwa heshima, "Palipoishia la Mwalimu." Wa tatu akajibu, "Palipoishia la Fundi." Wakaenda hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Hakuna hata mmoja aliyesema hajui, na ninavyowafahamu wenzangu, hakuna hata mmoja aliyejua.

Hati zilipotoka, Kipaza, mwenye shamba la kumi na tatu, alifungua yake mbele ya kamati akakuta ramani imejaa vijistari vya bluu na vijani vidogo. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi vidude ni nini?" Nikamjibu kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali analolijua: hiyo ni alama ya kinamasi. Nilikuwa nimeshaingia kwenye aina za vinamasi nilipouona uso wake.

Kwa hiyo hali ni hii. Kila mwanamume bondeni ana hati ya shamba la jirani yake, Mwenyekiti ana hati ya vyura, na Shamba Namba Moja, lile la kweli, kwenye ramani yako halina mwenyewe. Kusahihisha si kazi. Ipo fomu inayotaka wanaume wote kumi na watatu watie sahihi chini ya maneno haya: "Nilikosea mpaka wa shamba langu kwa kutoufahamu." Fomu hiyo ina miezi saba kwenye kabati la kamati. Ni safi kabisa, haina hata alama ya kidole.

Ndipo ukatangaza kwamba yeyote anayelilima shamba hilo lisilo na mwenyewe alete ombi, na anayepinga apinge kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Yeyote. Nani alikutuma kuliandika neno hilo? Nilikufundisha kuchagua maneno.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba sikuarifiwa. Habari za ombi hili nilizisoma kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi yako, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na ratiba ya chanjo. Jina lake lilikuwa limeandikwa lote, majina matatu, jambo ambalo sijaliona tangu cheti chetu cha ndoa. Mtu aliyesimama nyuma yangu akauliza, "Mwalimu, huyu si mama wa nyumbani kwako?" Nikamwambia majina hufanana. Akasogea, akasoma mstari wa pili. "Kumbe hata nyumba zinafanana," akasema.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza mke wangu kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia, Jumapili, wakati nasikiliza taarifa ya habari, na kwamba nilijibu "vizuri". Inawezekana. Wakati wa taarifa ya habari huwa najibu "vizuri".

2. Kwamba ushahidi wake hauna adabu. Mahali fomu inapotaka ushahidi, watu wengine huandika majina ya wazee wa mtaa. Yeye ameandika: "Niulizeni jambo lolote kuhusu shamba hili, kisha mumuulize mume wangu jambo lilelile." Huo si ushahidi, ni mtego wa panya. Mimi niko tayari kuulizwa, mradi maswali yawe ya jumla. Niulize aina za udongo duniani, nitakujibu mpaka mlinzi afunge lango. Lakini maji hutuama wapi mvua ikizidi, mbegu ipi haipendi kivuli cha mashine, panya hutokea upande gani: hayo ni mambo ya ndani ya shamba, na mwenye mali hachungulii mambo ya ndani.

3. Kwamba wanawake wengine wameanza kumuiga, na wanafanya hivyo kwa heshima inayochosha. Kwa mujibu wa hati, Shamba Namba Mbili ni langu, na linalimwa na mke wa Fundi Baiskeli. Msimu uliopita nilimwendea na hati yangu ndani ya bahasha, nikamweleza polepole kwamba mahindi yale, kisheria, yanaelekea kuwa yangu. Hakubisha hata kidogo. "Karibu, shemeji," akasema. "Nilikuwa namsubiri mwenyewe." Akanikabidhi jembe. "Palizi imefika pale, wewe endelea kushuka. Mimi acha nikae, si langu."

Nilipalilia mistari miwili. Nilipofika mwisho wa wa pili alikuja akatazama nilichong'oa. "Shemeji, hizi ni kunde." Akatazama nilichoacha. "Na haya ndiyo magugu." Nikamweleza kwamba kitaalamu gugu ni mmea wowote uliosimama mahali pasipotakiwa. Akachukua jembe lake. "Basi sogea, shemeji," akasema, "nisije nikakupalilia."

4. Kwamba mbolea iko sebuleni. Chama cha wakulima humpa mbolea mwenye hati. Hati ni yangu, nikapewa mifuko miwili. Lakini mbolea hiyo imeandikiwa Shamba Namba Mbili, kwa hiyo mke wangu hawezi kuipeleka Namba Moja, na mimi siwezi kumpelekea mke wa Fundi kwa kuwa si mke wangu. Imekaa kati ya redio na kabati la vyombo. Wageni huikalia. Mmoja ameisifu, amesema ni ngumu kidogo lakini haiyumbi.

5. Kwamba wanawake wametii. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Kamati, baada ya vikao viwili, iliona kwamba kama karatasi haziwezi kuhama zifuate mashamba, basi majembe yahame yafuate karatasi. Kila mke asogee shamba moja kuelekea kinamasini, alime palipoandikwa jina la mumewe. Ni hesabu ya darasa la kwanza, ongeza moja. Tulijiandaa kwa kelele. Kipaza alikuwa hata amekunywa maji ya moto na asali. Kelele hazikutokea. Wanawake walisikiliza mpaka mwisho, wakatazamana, na mke wangu akasema kwa niaba yao, "Haya."

Asubuhi yake mvua za kupandia zikaanza. Wanawake kumi na watatu walitoka na majembe, kila mmoja akaenda kwenye ukingo wa shamba lake jipya, akatandika gunia, akakaa. Tukawauliza wanasubiri nini.

"Tunamsubiri mwenye shamba atuonyeshe mpaka," wakasema. "Si kanuni ya nne?"

Mke wa Mwenyekiti alikuwa mbali kuliko wote, kinamasini, amevaa viatu vya mvua vya mumewe. Akaita kwa sauti ambayo sasa najua Kipaza aliiazima wapi: "Mzee! Hawa vyura niwapande mstari mmoja au miwili?"

Tukaamua kupanda wenyewe. Hapo likazuka suala la mbegu. Kumbe mbegu hukaa jikoni, juu ya meko, kwenye vibuyu na makopo, zikipata moshi usioruhusu wadudu. Nilikuta makopo saba. Hakuna hata moja lililokuwa na maandishi, na mimi ni mtu wa maandishi. Nikachukua lililokuwa zito kuliko yote, nikapanda mistari minne, nikapima nafasi kwa rula. Jioni ikabainika kwamba zilikuwa dengu za kupika, zilizokwisha kupasuliwa mashineni. Ziko ardhini mpaka leo, zimetulia.

Leo ni siku ya nane. Mvua inanyesha juu ya bonde jeusi lisilo na mche. Mvua hizi hudumu wiki tatu; hilo hata mimi nalijua, maana limo kwenye vitabu. Mchana huu tumekula viazi vidogo vya msimu uliopita, vile ambavyo huwa vinaachwa kwa mbegu. Mke wangu alivihesabu, kisha akavimenya.

6. Kwamba wenzake kumi na wawili wanasubiri kuona mwisho wake, na kila mmoja tayari ana fomu ya kijani chini ya godoro.

7. Kwamba mke wangu anamwogopa mdogo wangu bila sababu. Hili ndilo lililomsukuma kuleta ombi, na utaona lilivyo dogo.

Mwaka juzi nililazwa siku tatu kwa ajili ya kifua. Mdogo wangu, ambaye ni dalali wa nyumba, alikuja kunitazama. Mke wangu anadai kwamba kabla hajafika wodini alipitia shambani na futi ya kamba, akapima upana, akaandika kiganjani. Anadai pia kwamba alimwambia, "Usiwe na wasiwasi, shemeji. Yakitokea ya kutokea, kwetu kuna chumba cha nyuma." Mke wangu akauliza, na shamba? Akaambiwa, "Shamba la kaka ni la ukoo. Wewe, shemeji, ulikuja na sanduku."

Nimemweleza mke wangu mara nyingi kwamba wako watu ambao hutulizwa na kupima vitu. Nimemweleza pia kwamba mimi sijafa. "Najua, Mwalimu," akanijibu. "Kupumua kwako ndiyo hati pekee niliyo nayo." Niliona ni maneno mazuri, nikayaandika pembeni mwa gazeti. Lakini utakubaliana nami kwamba hayahusiani na sheria ya ardhi.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako ifanye mambo yafuatayo. Kwanza, ilikatae ombi lake. Pili, ikisogeze kijito, barabara, mashine ya kusaga na kinamasi shamba moja kuelekea upande mwingine, ili ardhi ilingane na hati. Nafahamu kwamba mashine ina msingi wa saruji, kwa hiyo kama bajeti hairuhusu, itoshe kutangaza kwamba bonde limehama, na mimi niko tayari kuandaa somo la kueleza jinsi ardhi inavyoweza kuhama bila watu kuhisi. Tatu, ikataze mbegu kukaa kwenye makopo yasiyo na maandishi. Nne, imwamuru mke wangu anifahamishe mipaka ya Shamba Namba Moja bila kuwa ameionyesha. Hili linawezekana. Atembee nyuma yangu, na kila tunapofika mpakani akohoe. Kikohozi, kwa tafsiri yangu ya kanuni ya nne, hakihesabiki.

Nakutakia mafaili mepesi na chai isiyopoa. Nisalimie mkeo na watoto, mlinzi wa langoni, yule dada wa masjala anayepiga chafya kila akifungua kabati, na kijana mpima pamoja na kofia yake. Msalimie sana mama yako mzazi. Nasikia bado analima kwa nguvu zake, na kwamba shamba limeandikwa jina la baba yako mkubwa. Mwambie nimeuliza hali.

Wako, ndani ya mipaka yote inayojulikana na ile inayotafutwa,

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Katibu wa Kamati ya Mipaka,
Mwenye Shamba Namba Moja (na, kwa mujibu wa hati, Mbili).

Tanbihi. Ijumaa asubuhi, kwenye benchi nje ya mlango wako.

Barua iliyo hapo juu imekamilika, na mwandiko wake nauona mzuri. Ila tangu niitie sahihi yametokea mambo mawili.

Jana jioni mdogo wangu alikuja kuniunga mkono. Nilimsomea yote. Aliifurahia sana, na nilipofika lalamiko la saba akasema, "Kaka, hapo umesema." Akajitolea kuileta kwako mwenyewe ili isichelewe. Halafu akaniuliza kama kifua bado kinanibana nikipanda mlima. Akauliza baba alifariki akiwa na umri gani. Akauliza jiwe la mpaka liko wapi hasa, nikamwambia ni lile linalong'aa, akatoa futi mfukoni. Mwanangu, nimesimama mbele ya watoto miaka thelathini na mmoja. Naujua uso wa mtoto anayetazama saa ya ukutani akisubiri kengele ilie. Jana uso huo ulikuwa unanitazama mimi.

La pili ni hili. Pingamizi halipokelewi bila fomu yako nyeupe, na swali la sita la fomu hiyo linasema: "Taja mipaka minne ya shamba unalolipinga, na jina la aliyeionyesha." Nilikaa nayo mezani. Mashariki niliandika "mashine ya kusaga". Nikafuta, kwa kuwa mashine iko magharibi. Mke wangu alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Nikasema, kama mtu anayejisomea tu, "Mipaka minne."

Hakuinua kichwa. "Juu, barabara," akasema. "Si barabara yenyewe, ni ule mtaro niliouchimba upya mwaka wa mafuriko. Chini, kijito, mpaka penye magogo matatu ya kuvukia. Upande wa mashine, minyaa na lile jiwe lenye kuvu. Hilo alinionyesha mama yako, siku ya tatu baada ya kuolewa, na yeye alionyeshwa na mama mkwe wake. Upande wa jirani, jiwe la kunolea, kisha mikonge, kisha mlimau nilioupanda binti yako alipoanza shule. Ule unaochuma malimau yake ukidhani unamwibia Fundi."

Niliandika yote. Kalamu yake haikwaruzi. Nilipofika mahali pa jina la aliyeonyesha, nikasita.

"Andika tu, Mwalimu," akasema. "Kanuni ya nne."

Nimeandika majina yake yote matatu. Atakayeonyesha mpaka ndiye mwenye shamba. Niliisoma sentensi yangu kwenda mbele, nikaisoma kurudi nyuma, na kila upande nilimkuta amekaa yeye na ungo wake. Nikaanza kucheka. Akauliza nacheka nini, nikashindwa kumweleza, na unajua mimi si mtu wa kushindwa kueleza.

Asubuhi hii nimepita nyumba kwa nyumba na ile fomu ya kabatini. Wanaume kumi na wawili, nami nikiwemo, tumetia sahihi kwamba hatukuijua mipaka yetu. Fundi alikuwa mwepesi kuliko wote. Alisema amechoka kumiliki shamba ambalo anamwogopa mwanamke anayelilima. Kipaza peke yake amekataa. Anasema kinamasi ni chake, kina hati, na vyura wanamwitikia akiongea, jambo ambalo nyumbani hajalizoea. Mkewe anaomba la kumi na tatu lililo kavu, na kwa kuwa kinamasi hakidaiwi na mwingine, naomba uipokee fomu bila sahihi ya mzee.

Nimekuletea pia fomu za kijani kumi na mbili, moja kwa kila mwenzake mke wangu. Mwandiko ni wangu, mipaka ni yao, waliitaja wakiwa wima, mimi nikikimbizana na kalamu. Wenyewe hawakuja. Wako bondeni tangu alfajiri, kila mmoja kwenye shamba lake lilelile la siku zote, wanapanda. Wake wa mashamba ya katikati wamenichukulia mbolea yangu sebuleni bila kubisha hodi, na mgeni aliyekuwa ameikalia ameenda nayo, kwa kuwa alikuwa na mkokoteni.

Mke wangu yuko hapa kulia kwangu, kopo la mbegu mapajani, kiatu kimoja kinapigapiga sakafu yako. Mimi nimeshika jembe. Nimeahidiwa mstari wa pembeni, ule usio na kunde.

Saa yako ya ukutani inasema saa tatu na nusu. Mdogo wangu naye ameingia sasa hivi na anamuuliza mlinzi chumba cha Ofisa Ardhi ni kipi. Mlinzi anamwelekeza vyooni, Mungu amjalie. Hii barua igeuze, nyuma kuna nafasi nzuri ya kuchorea ramani mpya.

Ile fomu ya kijani ya Shamba Namba Moja, ipige muhuri leo, kabla ya saa sita.